Bega Limetoka Tena? Soma Hii Kabla Urudi Kubeba Vyuma

Chora hii picha. Ni saa kumi na mbili jioni Sironga, mvua ya Nyamira imekatika saa hii tu, na uko kwa ile jimu ya mtaa. Mabati juu, simiti chini, vyuma ni mikebe ya rangi iliyojazwa kokoto na simiti. Umebakisha raundi ya mwisho. Unainua chuma juu ya kichwa, mkono wa kulia unaenda nyuma kidogo tu, na pap! Kitu kinaruka. Mkono unaning'inia kama si wako. Ile duara ya bega imepotea, mahali pake pamekuwa bapa, na mbele karibu na kwapa kuna kitu kigumu kimetokeza ambacho hakikuwa hapo asubuhi.

Mbogi inakuja mbio. Mmoja anakushika mkono anakwambia, "Momura, kaza meno, hii ni ya kuvuta tu." Na kwa sababu ni mara ya tatu, hata wewe ushazoea. Linavutwa, linarudi, unachill wiki mbili, unarudi kwa chuma. Miezi miwili baadaye linatoka tena, na safari hii hukuwa umebeba kitu. Ulikuwa unavaa jaketi.

Kama hayo ndiyo maisha yako, ama ya beste yako, kaa hapa kidogo. Cha kwanza kujua ni hiki: bega linalotoka kila mara halitoki kwa sababu wewe ni mnyonge, wala hujarogwa. Linatoka kwa sababu kuna kitu kilichanika ndani siku ile ya kwanza na hakikushika tena vizuri. Na kila likitoka, linachana zaidi. Kwa hivyo swali si "nani anajua kuvuta poa?" Swali ni "kilichochanika ni nini, na nitakirekebisha vipi kabla kiishe?"

Chungwa juu ya kifuniko cha soda

Goti linakunja na kukunjua. Kiwiko pia, karibu hivyo hivyo. Lakini bega linaenda kila mahali: juu, nyuma, mzunguko mzima. Hakuna kiungo kingine mwilini kina uhuru kama huo, na huo uhuru una bei yake.

Bega ni mpira na kikombe. Mpira ni kichwa cha mfupa wa mkono, na kikombe ni kipande kidogo cha ule mfupa bapa wa mgongoni. Shida ni kwamba hicho kikombe ni kidogo na hakina kina. Chukua chungwa uweke juu ya kifuniko cha soda. Hivyo ndivyo bega lako liko. Mfupa wenyewe haushiki kitu sana.

Sasa nini inashika chungwa lisianguke? Kuna ukingo wa gegedu umezunguka kikombe, kama mpira wa kuziba mdomo wa sufuria, unaokiongezea kina. Kuna kano zinazoshika mpira kutoka mbele na chini. Halafu kuna misuli minne midogo inayozunguka mpira na kuuvuta uketi katikati kila mkono ukisonga. Hii minne hutaiona kwa kioo. Hakuna msee hupiga selfi akionyesha hiyo misuli. Lakini ndiyo inafanya kazi yote.

Bega ndilo kiungo kikubwa kinachotoka mara nyingi kuliko vyote mwilini, na karibu kila mara linatokea mbele. Mkao wa hatari ni mmoja: mkono umeinuliwa kando, kiwiko kiko nyuma, kiganja kinaangalia mbele. Ni ule mkao wa kurushia ovakado jiwe likiwa juu ya mti. Ama ule wa karao akikwambia "mikono juu". Hapo mpira unasukumwa mbele, na kitu pekee kinauzuia ni zile kano na ule ukingo. Ongeza kilo 60 juu yake na utaelewa.

Kuna aina nyingine, ya kutokea nyuma. Ni nadra, na watu wengi huipata kwa kifafa ama wakirushwa na stima. Lakini wabeba vyuma wako na kashida kao hapo: kusukuma benchi nzito kila wiki kunaweza kuchana ukingo wa nyuma polepole, bila ajali yoyote. Ukiskia maumivu ndani ya bega, upande wa nyuma, kila ukisukuma, usidhani lazima liwe limetoka ndio uende kuonwa.

Siku ya kwanza inaharibu nini?

Mpira ukirukia mbele, hauendi bure. Mara nyingi unang'oa ule ukingo wa gegedu kutoka kwa kikombe, upande wa mbele na chini. Madaktari huita hiyo jeraha la Bankart, kwa jina la Arthur Bankart, mpasuaji wa London aliyeandika juu yake mwaka wa 1923. Ukingo ukiachana na mfupa, ule ukuta wa mbele umeanguka. Ukirudishiwa bega, mpira unarudi mahali pake, lakini ukuta bado uko chini. Ukibahatika unashika tena. Wengi huwa hawabahatiki.

Halafu kuna upande wa pili. Mpira ukiwa nje, nyuma yake inagongana na ukingo mgumu wa kikombe, na mfupa unabonyea kama mkebe uliopigwa nyundo. Hicho kishimo kinaitwa Hill-Sachs, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioeleza hii kitu mwaka wa 1940. Kishimo kikiwa kikubwa, siku ingine ukizungusha mkono, kinanasa kwa ukingo wa kikombe na kuusukuma mpira utoke. Yaani jeraha la mara ya kwanza linageuka kuwa mlango wa mara ya pili.

Na kuna kitu cha tatu ambacho watu hawakijui. Kila likitoka, ukingo wa mfupa wa kikombe wenyewe unalika kidogo. Kile kifuniko cha soda kinaendelea kuwa kidogo. Ndio maana mara ya kwanza ilihitaji chuma kizito, mara ya nne ikahitaji jaketi, na mara ya saba uligeuka tu kitandani.

Hata zile za "kuteleza na kujirudisha" zinahesabika. Ile bega linatoka nusu, unaskia kama linazima, halafu linarudi lenyewe, nawe unacheka mbele ya mbogi. Hiyo si "karibu". Hiyo ni ukingo ule ule unasuguliwa.

Mbona vijana ndio wanaumia?

Hapa ndio noma. Watu hudhani ukiwa kijana unapona haraka, kwa hivyo ni mzee anafaa kuogopa. Kwa bega ni kinyume.

Huko Edinburgh, Uskochi, madaktari walifuata watu 252 wa miaka 15 hadi 35 ambao bega lilikuwa limetoka kwa mara ya kwanza, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2006. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepata shida tena ndani ya miaka 2. Kufikia mwaka wa 5, ilikuwa karibu theluthi mbili. Waliokuwa hatarini zaidi? Wanaume wadogo kwa umri. Yaani wewe.

Mzee wa miaka 50 likimtoka, mara nyingi halianzi huo mchezo wa kutoka toka. Yeye shida yake huwa ingine: ile misuli midogo inaweza kuwa imekatika, na akishindwa kuinua mkono wiki kadhaa baadaye, lazima aonwe. Lakini kijana wa miaka 19 anayebeba vyuma, bega likitoka mara moja tu, tayari yuko kwa kikundi cha hatari. Hafai kungoja mara ya tano ndio aanze kuchukulia hii kitu serious.

Likitoka leo, fanya hivi

Kwanza, wacha kila kitu. Usijaribu kuzungusha uone kama litaingia. Shika mkono kwa ule mkao unaouma kidogo zaidi, mara nyingi ni kiwiko kimekunjwa na kimewekwa karibu na mbavu. Funga na leso, sweta ama fulana, iwe kama kitanzi kutoka shingoni.

Pili, toa pete na saa mapema, kwa sababu mkono unaweza kufura. Barafu ikiwa karibu, ifunge kwa kitambaa, weka dakika 15 hivi. Usiweke moja kwa moja kwa ngozi.

Tatu, usile na usinywe chochote njiani. Daktari anaweza kutaka kukupa dawa ya kukulaza kidogo ndio misuli ilegee, na tumbo likiwa limejaa hiyo inakuwa hatari.

Nne, usafiri. Boda kwa ile barabara ya mashimo, umeshikilia kwa mkono mmoja, si form. Tafuta Probox, na uambie dere ukweli ndio asikupange wanne kwa kiti cha mbele. Nyamira kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na Kisii mjini kuna Kisii Teaching and Referral Hospital. Enda mapema. Bega likikaa nje masaa mengi, misuli inakaza na kulirudisha kunakuwa kazi kubwa.

Na kuna dalili ambazo hazingojei. Jiguse pale kando ya bega, mahali polisi huvalia beji. Kama ngozi hapo imekufa ganzi, neva inaweza kuwa imevutwa ama kubanwa. Kama vidole havisongi, kama mkono umekuwa baridi ama umebadilika rangi, hapo damu ama neva ziko taabani. Hiyo ni dharura, hata kama maumivu si mengi.

Usivutwe na mbogi

Najua vile itakuwa. Kuna ule msee mmoja kwa jimu ambaye "huvutanga". Anakulaza chini, anaweka kisigino kwa kwapa yako, anavuta mkono. Hiyo mbinu si mpya hata kidogo. Iko kwa maandishi ya Hippocrates, Mgiriki wa miaka zaidi ya 2,000 iliyopita. Wakati mwingine inafanya kazi, na ndio maana huyo msee ana jina mtaani.

Lakini ndani ya kwapa kunapita neva zote za mkono wako na mshipa mkubwa wa damu. Kisigino kinakaa juu ya hivyo vyote. Na yeye hana eksrei machoni. Hawezi kujua kama mfupa umevunjika juu, na akivuta bega lililovunjika, anaweza kugeuza ufa mdogo kuwa vipande viwili. Hospitalini wanakupiga picha kwanza, hasa kama ni mara ya kwanza ama umeanguka vibaya, wanakupa dawa misuli ilegee, halafu wanarudisha polepole bila fujo, na kupiga picha tena kuona limekaa. Bega likirudi vizuri, halirudi kwa nguvu. Linarudi kwa utulivu.

Kama lako hujirudisha lenyewe, pia usinyamaze. Andika tarehe, ulikuwa unafanya nini, mkono ulikuwa wapi. Hiyo orodha ndiyo daktari wa mifupa atataka kuona kwanza.

Ukifika kwa daktari

Eksrei inaonyesha mifupa: kama kichwa cha mkono kina kile kishimo, kama kikombe kimelika. Haionyeshi ukingo wa gegedu. Kwa hiyo kuna MRI, mara nyingine na dawa iliyodungwa ndani ya kiungo ndio mchaniko uonekane wazi. Mfupa ukishukiwa kulika sana, kuna CT inayoupima vizuri zaidi.

Hizo picha ni doh, hakuna kuficha. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kwa hivyo kama hujajisajili ama michango imelala, hiyo ni kazi ya leo si ya siku bega limetoka. Kabla hujapangiwa chochote, uliza hapo hospitalini: ni nini inalipwa, na ni nini itatoka mfukoni.

Daktari pia atakulaza, ainue mkono kando na kuuzungusha nyuma polepole, huku anakuangalia uso. Anatafuta kitu kimoja: ile hofu. Ukishtuka na kumwambia "hapo hapana!", hata bila maumivu, bega lako limempa jibu. Usijifanye mgumu. Hiyo hofu ni habari.

Nenda na maswali manne. Ukingo umechanika? Mfupa umelika kiasi gani? Kishimo cha mpira ni kikubwa? Kwa umri wangu na mchezo wangu, uwezekano wa kutoka tena ni upi bila upasuaji?

Kisu ama mazoezi?

Hii ndiyo inanyima watu usingizi. Hakuna jibu moja la kila mtu, lakini kuna vile ya kufikiria.

Mazoezi ya kurekebisha bega huanza baada ya wiki chache tu za kufunga mkono. Kukaa na kitanzi miezi miwili hakufanyi ukingo ushike zaidi, kunafanya tu bega likauke. Yanafaa zaidi kwa mtu ambaye limetoka mara moja, mfupa uko sawa, na yuko tayari kubadilisha vile anabeba. Yanaimarisha ile misuli minne na ile ya kushika mfupa wa mgongoni. Lakini yaelewe poa: mazoezi hayashoni kilichong'oka. Yanaongeza walinzi langoni, ukuta wenyewe bado ni ule.

Kama limetoka mara nyingi, wewe ni mdogo, na mchezo wako ni wa kuinua mikono juu ya kichwa, upasuaji unaingia kwa mazungumzo. Kuna wa kushona ukingo urudi kwa kikombe, mara nyingi kupitia matundu madogo kwa kamera. Na kuna ule wa Latarjet, uliotoka kwa daktari Michel Latarjet wa Ufaransa mwaka wa 1954. Huo wanachukua kipande cha mfupa kilicho hapo hapo mbele ya bega, pamoja na misuli yake, wanakifunga na skrubu mbele ya kikombe. Kifuniko cha soda kinaongezwa upana. Huo ndio hufikiriwa mfupa ukiwa umelika sana, kama 20 hadi 25%, kwa sababu kushona gegedu juu ya mfupa ulioisha ni kupaka rangi ukuta uliobomoka.

Umeona Jude Bellingham? Bega lake la kushoto lilitoka Novemba 2023, Real Madrid wakicheza na Rayo Vallecano. Akaendelea kucheza na bandeji maalum kwa karibu miaka 2, akifunga mabao na kubeba makombe. Watu wakasema bega liko fiti. Julai 2025, baada ya Kombe la Dunia la Klabu, akafanyiwa upasuaji. Bandeji haikuwa imerekebisha chochote, ilikuwa inanunua wakati. Na yeye anatumia miguu kazini. Wewe unatumia lile bega lenyewe, na huna madaktari wa Madrid wanakungoja kando ya benchi.

Na kama ni kisu ndicho kinakutisha, kumbuka uko Gusii. Ababari walikuwa wanafungua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mtu aliyegongwa, zamani, bila chumba cha kisasa cha upasuaji. Mababu zetu hawakuogopa kurekebisha kilichoharibika ndani. Walichojua ni kwamba hiyo kazi ni ya omobari, si ya jirani yeyote mwenye mikono yenye nguvu.

Kurudi kwa chuma

Habari njema: watu wengi hurudi kubeba. Habari ingine: hawarudi siku kitanzi kimetolewa.

Bila upasuaji, hesabu miezi 3 ama 4 kabla ya uzito wa maana. Baada ya upasuaji, wiki kadhaa mkono uko kwa kitanzi, mazoezi ya nguvu huanza kama mwezi wa 3, na vyuma vizito karibu mwezi wa 6. Kalenda si yote lakini. Angalia haya matatu: mkono unaenda kote bila kuuma, nguvu imekaribia ya upande mwingine, na ile hofu imeisha. Kama bado unaogopa kunyoosha mkono ukichukua sufuria juu ya kabati, hauko tayari kwa kilo 50.

Huhitaji jimu ya Nairobi kuanza. Tafuta mpira wa tyubu ya baiskeli, ufunge kwa nguzo kwa urefu wa kiwiko. Bana kiwiko kwa mbavu, weka taulo iliyokunjwa katikati, halafu vuta mkono uzunguke kwenda nje, polepole, mara 15. Rudia raundi 3. Geuka, vuta kwenda ndani, hivyo hivyo. Halafu vuta mpira kuelekea usoni, viwiko chini ya mabega, ukibana mifupa ya mgongoni pamoja. Inaonekana kitu ya mathe wa kanisani. Baada ya wiki 6 utaona vile chuma kinatulia.

Halafu badilisha hizi:

Kusukuma chuma nyuma ya shingo, ama kuvuta chuma kishuke nyuma ya shingo: acha kabisa. Hiyo ni ile "mikono juu" ya karao na uzito juu yake. Fanya mbele.

Benchi: shika karibu kidogo, viwiko visitanuke kama mabawa, vikae karibu na mbavu. Bora zaidi kwa miezi ya kwanza, lala chini kwa sakafu na usukume kutoka hapo. Sakafu inazuia viwiko kwenda chini sana, na hapo ndipo bega hufunguka.

Zile za kujishusha katikati ya vyuma viwili, na zile za kufungua kifua na mikono imenyooka kando: kama bega lako ni la kutoka, hazikulipi kitu ambacho huwezi kupata kwingine.

Skwati: chuma kikiwa mgongoni, mikono iko nyuma kwa ule mkao mbaya. Watu wamewahi kutokwa hapo bila kuinua kitu juu. Shika chuma mbele ya kifua, ama beba mkebe mmoja kama mtoto.

Kujivuta kwenye chuma: viganja vikuangalie ama viangaliane, na usining'inie ukiwa umelegea kabisa chini.

Snachi: hii ndiyo ya mwisho kurudi. Lasha Talakhadze wa Georgia aliinua kilo 225 kwa snachi mwaka wa 2021, na ukiangalia hiyo klipu, chuma kikifika juu kinatulia kama rafu ya ukutani. Hiyo si mikono pekee, ni miaka ya kufundisha bega kushika. Wewe anza na mpini wa jembe. Wiki nzima, mpini mtupu. Hakuna atakayekucheka zaidi ya vile bega litakuchekea likitoka tena.

Kuna siku ya kuacha?

Kuna. Ukishafanyiwa yote na bega bado linatoka, ama daktari anakuambia gegedu ya kiungo imeanza kuisha, hapo unabadilisha mchezo. Bega lililotoka mara nyingi liko hatarini zaidi kupata ugonjwa wa viungo mapema. Hiyo maana yake ni kushindwa kuinua mkungu wa ndizi ukiwa na miaka 45, kushindwa kubeba mtoto, kuamka usiku kwa sababu umelalia upande mbaya. Miguu bado iko. Mgongo bado uko. Kuna wasee wako na mwili mnoma na hawajasukuma chuma juu ya kichwa tangu wapone.

Lakini wengi wenu hamjafika huko. Mko pale katikati, mara ya pili, mara ya tatu, mkiambiana ni kawaida. Si kawaida. Bega linalotoka ukivaa jaketi limekuwa likikwambia kitu tangu ile siku ya kwanza chini ya mabati. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda jimu, pitia hospitali ukaonwe. Mikebe ya simiti haiendi mahali. Utaipata.